Gari Linalogoma Kuwaka Likiwa la Moto

Hitilafu hii ina ubaya unaozidi wa nyingine: hupotea yenyewe kabla fundi hajafika. Asubuhi gari linawaka mara moja. Mchana, ukishatembea nalo na kulizima dakika ishirini sokoni au benki, stata inazunguka weee na injini haishiki. Ukisubiri nusu saa nyingine linawaka, na ukilifikisha gereji limeshapoa. Fundi anawasha mara tatu mfululizo, linawaka mara zote tatu, kisha anakuuliza tatizo liko wapi. Hapo ndipo kubahatisha kunapoanza. Zinabadilishwa plagi, halafu betri, halafu pampu ya mafuta, na kila spea inayofungwa inaonekana imetibu kwa sababu gari limejaribiwa likiwa limepoa. Wiki ijayo uko pale pale, na fedha zimekwenda.

Ninachotaka ushike ni hiki: gari hili lipimwe wakati linagoma. Zile dakika ambazo injini haitaki kuwaka ndizo zenye jibu, na vipimo vingi vya maana unaweza kuvifanya mwenyewe, papo hapo barabarani, kabla hujatoa shilingi ya spea.

Uelewe kwanza kinachotokea ukizima injini ya moto. Injini ikiwa inafanya kazi, maji yanazunguka, feni na upepo wa mwendo vinapoza, na petroli mpya inapita kwenye nozeli muda wote. Ukizima, vyote hivyo vinasimama kwa mpigo, lakini joto lililomo ndani ya chuma linabaki. Linasambaa taratibu kutoka kwenye silinda na ekzosi, likiingia kwenye kila kilichopo chini ya boneti: stata, koili, sensa, bomba la nozeli. Kwa hiyo dakika kumi hadi thelathini baada ya kuzima, vifaa hivyo mara nyingi huwa na joto kubwa kuliko gari lilipokuwa likikimbia. Waya wa shaba nao huzuia umeme zaidi kadiri unavyopata moto, karibu asilimia nne kwa kila nyuzi kumi. Koili au stata iliyopanda nyuzi sitini imeongeza ukinzani wake kwa karibu robo nzima. Kifaa kizima kinavumilia hilo. Kilichochakaa ndipo kinapoanguka.

Petroli nayo ina tabia yake. Ni mchanganyiko, na sehemu zake nyepesi huanza kuchemka kwenye joto la nyuzi 35 au 40 hivi. Ikibanwa na presha hubaki majimaji, presha ikipotea hugeuka mvuke, na pampu iliyotengenezwa kusukuma majimaji haiwezi kusukuma mvuke. Mlimani mgandamizo wa hewa hupungua na petroli huchemka upesi zaidi. Ndiyo maana gari la kabureta lililozoea Dar es Salaam linaweza kuonyesha ugonjwa wake kwa mara ya kwanza likizimwa juu ya mlima wa Kitonga, baada ya kupanda na mzigo kwa gia ndogo.

Hapa niseme neno juu ya lawama inayotolewa haraka mno, ile ya mafuta kuchakachuliwa. Mafuta ya taa yakichanganywa kwenye petroli huifanya iwe nzito kugeuka mvuke. Hilo husumbua zaidi alfajiri, injini ikiwa baridi, na huleta kugonga gari linapovuta mlima. Gari linalowaka vizuri alfajiri na kugoma mchana halielekei huko. Tafuta kwingine kwanza.

Andika kabla ya kushika spana

Chukua simu au karatasi, na kila linapogoma andika mambo machache: limekimbia umbali gani, limezimwa kwa muda gani, stata ilizunguka vipi, kulikuwa na harufu ya petroli au moshi lilipowaka, na tanki lilikuwa na mafuta kiasi gani. Matukio matatu au manne yakishaandikwa, ramani inaanza kuonekana.

Gari linalowaka ukizima na kuwasha hapo hapo, likagoma ukiliacha dakika kumi hadi arobaini, kisha likawaka tena vizuri baada ya saa kadhaa, mara nyingi lina tatizo la mafuta: ama presha inavuja, ama nozeli inadondosha. Linalozimika lenyewe njiani na kukataa kuwaka mpaka lipoe mara nyingi ni la umeme, na sensa ya kranki iko mbele kwenye orodha ya washukiwa. Linalosumbua tu ukitoka sheli baada ya kujaza tanki lina uwezekano mkubwa wa vali inayopeleka mvuke wa tanki kwenye injini kukwama wazi. Hapo injini inamezeshwa mvuke wa petroli kupita kiasi, na spea nyingine yoyote utakayonunua ni hasara. Na linalowaka likitetemeka kwa dakika moja, likitoa moshi mweupe, huku maji ya rejeta yakipungua bila kuvuja chini, nitalirudia baadaye kwa sababu hilo ni jambo zito.

Stata isipozunguka

Ukipiga ufunguo, sikiliza. Kuna gari ambalo stata inazunguka kwa nguvu zake zote na injini haishiki, na kuna gari ambalo stata yenyewe inajikongoja, au inatoa mlio mmoja wa "tak" na kunyamaza. Haya ni magonjwa mawili yasiyo na undugu. Anayekuuzia pampu ya mafuta wakati stata yako haizunguki hajakusikiliza.

Ikiwa ni stata, anza na betri na nyaya zake. Mita ya kawaida inatosha. Gari likiwa limezimwa na kutulia, betri nzima iliyojaa husoma volti 12.6 hivi. Mwombe mtu apige stata huku unatazama. Ikishuka chini ya 9.6, betri imechoka au stata inavuta umeme kupita kiasi. Ikibaki juu ya 11 na stata bado inajikongoja, umeme unapotelea njiani, na hapa kuna kipimo ambacho gereji nyingi za mtaani hazikifanyi. Waya mmoja wa mita uguse risasi ya terminali hasi ya betri yenyewe, si kile kichwa cha waya kilichofungwa juu yake. Wa pili uguse chuma kisafi cha mwili wa stata. Stata ipigwe. Mita ikisoma chini ya volti 0.3, ethi ni nzuri. Ikisoma volti nzima au zaidi, umeme unapata taabu kurudi, na dawa ni kufungua waya wa ethi, kusugua kutu na rangi mpaka chuma king'ae, na kuufunga upya au kununua mpya. Upande wa chanya fanya vivyo hivyo, kutoka risasi ya betri hadi boliti nene ya stata. Hapo usivuke 0.5. Ethi iliyoliwa na chumvi ya hewa ya pwani imewauzia watu stata nyingi wasizozihitaji.

Nyaya zikiwa safi na bado inatoa "tak", pima waya mwembamba unaoleta amri kwenye stata wakati ufunguo umepigwa. Ukipata karibu volti za betri pale na stata haizunguki, stata ndiyo yenye kosa. Ukipata volti 7 au 8, kosa liko kwenye rilei, swichi ya ufunguo, au kwa gari la otomatiki kwenye swichi ya gia. Jaribu kuwasha gia ikiwa N badala ya P, na kama linawaka huko umeshapata jibu bila kutoa senti.

Stata za Denso za aina ya gia, zile zilizomo kwenye Hilux, Land Cruiser na Toyota nyingi za zamani, zina ugonjwa wao unaojulikana. Toa kwanza waya wa betri, fungua mfuniko wa nyuma wa solenoidi, na ndani utaona kisahani cha shaba kinachosukumwa kugusa vipande viwili vya shaba vilivyokaa kulia na kushoto. Tazama vile vipande. Mara nyingi kimoja kimelika mpaka kimekuwa chembamba kama ukingo wa sarafu, kimeungua na kuwa cheusi, huku cha pili kikiwa bado kinene. Kisahani hakivifikii tena vyote viwili kwa pamoja. Likiwa baridi kinabahatisha. Likiwa la moto kinashindwa, ndiyo maana unapiga ufunguo mara tano, ya sita inashika. Vipande hivyo huuzwa peke yake, na bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na stata ya mtumba ambayo nayo huenda imelika vile vile.

Stata ikizunguka na injini isishike

Hapa ndipo kwenye kazi yenyewe. Kabla ya kufungua boneti kuna majaribio mawili ya kufanya ukiwa umekaa kwenye kiti.

La kwanza: kanyaga eksileta mpaka chini, ishikilie hapo bila kuipampu, kisha piga stata kwa sekunde tano hadi nane. Kwenye magari mengi ya sindano za mafuta, kompyuta ikiona pedali iko chini kabisa wakati wa kuwasha hukata au kupunguza petroli na kuacha hewa iingie. Kama injini ilikuwa imelowa, itaanza kushika shika, kisha itawaka kwa moshi mweusi na harufu kali ya petroli. Ikiwaka hivyo, umejua mengi: cheche zipo, petroli ipo, na imezidi.

La pili kwa siku nyingine linapogoma: fungua ufunguo mpaka taa za dashibodi ziwake bila kupiga stata, subiri sekunde tatu, zima, rudia mara tatu au nne, halafu washa. Kwenye magari mengi pampu husukuma kwa sekunde mbili kila unapofungua ufunguo, kwa hiyo unakuwa umejenga presha upya. Toyota nyingi za zamani hazifanyi hivyo. Pampu yake huanza stata inapozunguka, basi piga stata sekunde nne, pumzika, piga tena. Likiwaka kirahisi baada ya mchezo huo, bila harufu wala moshi mweusi, mafuta yalikuwa yamerudi nyuma au yamegeuka mvuke bombani.

Harufu ndiyo inayokutenganishia njia hizi mbili, na watu wengi wanaipuuza. Nenda nyuma ukanuse ekzosi baada ya kupiga stata kwa muda. Petroli ikinuka sana, tafuta kinachozidisha mafuta au kinachokosesha cheche. Isiponuka kabisa, tafuta kinachozuia mafuta.

Cheche

Injini nyingi za leo, kama 1NZ-FE iliyomo kwenye IST, Probox na Raum, zina koili nne, moja kwa kila plagi. Koili moja ikifa kwa joto gari litawaka likiwa na misi; halitakataa kabisa. Ukikosa cheche kwenye plagi zote kwa pamoja, tafuta kitu kinachotumiwa na zote: rilei kuu, fyuzi, au sensa ya kranki. Kwa magari ya zamani yenye distribyuta, ambako koili ni moja, koili hiyo na kile kisanduku cha kuwashia kilicho kando yake vinaingia kwenye orodha, maana vyote viwili huharibika kwa moto na kupona vikipoa.

Sensa ya kranki inastahili maneno mengi. Ndiyo inayoiambia kompyuta kwamba injini inazunguka na pistoni ziko wapi. Isiposema kitu, kompyuta haitoi cheche wala haifungui nozeli, hata stata izunguke mpaka betri iishe. Aina ya zamani ina waya mwembamba mno uliozungushwa kwenye sumaku. Waya huo ukipata ufa mdogo, ukiwa baridi ncha zake zinagusana. Joto likiutanua, zinaachana. Dakika thelathini baadaye umepoa, zimegusana tena, na mita ya fundi inasoma vizuri kabisa. Ndiyo maana sensa iliyopimwa ikiwa baridi na kuonekana nzima bado haijaachiwa huru.

Ikamate hivi. Kama una mashine ya kusoma kompyuta ya gari, iunganishe linapogoma na utazame mzunguko wa injini wakati stata inazunguka. Ukisoma kati ya 150 na 250 hivi kwa dakika, sensa inazungumza. Ukisoma sifuri huku unasikia stata ikizunguka, umeikamata. Angalia kwamba vile vifaa vidogo vya bei nafuu vinavyoungana na simu vinakataa baadhi ya magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani miaka ya mwanzo ya 2000, kwa hiyo kukataa kwake si dalili ya ubovu. Bila mashine, tazama mshale wa mzunguko kwenye dashibodi: kwenye magari mengi hutikisika kidogo stata inapopigwa, na kama gari lako lina kawaida hiyo na leo umelala kimya, ni ushahidi mzuri. Halafu kuna kitambaa. Lowesha kitambaa kwa maji ya kunywa, kikamue, kikandamize kwenye sensa dakika tatu au nne bila kugusa kitu kingine chochote, kisha washa. Gari likiwaka wakati sehemu nyingine zote bado ni za moto, huhitaji ushahidi zaidi. Ufanye vivyo hivyo kwa koili na kisanduku cha kuwashia, kimoja kimoja, maana ukipoza vyote pamoja hutajua kilichokuwa kigonjwa.

Ukinunua sensa, epuka ya mtumba hata kama imetolewa kwenye injini nzuri. Ugonjwa huu unatokana na umri na joto, na ile ya mtumba imeshapitia vyote viwili. Kwa rilei ni hivyo hivyo. Honda za miaka ya 1990 zinajulikana kwa rilei kuu ya mafuta iliyo chini ya dashibodi: lehemu zake hupata nyufa, gari likikaa juani vioo vimefungwa linakataa kuwaka, na likipoa linasahau. Fundi redio anaweza kuzilehemu upya kwa muda mfupi.

Mafuta

Mfumo wa sindano za mafuta hautakiwi kuachia presha mara unapozima. Kwenye 1NZ-FE presha ya kazi ni kati ya psi 44 na 50, na dakika tano baada ya kuzima geji isomeke angalau 21. Presha hiyo iliyobaki ndiyo inayoizuia petroli isichemke bombani. Fundi afunge geji, mlizungushe gari barabarani mpaka injini ipate moto wake, mlizime, mtazame mshale. Ukianguka mpaka sifuri ndani ya dakika mbili tatu, mafuta yanapita mahali: ama yanarudi tankini kupitia vali ndogo iliyomo ndani ya pampu, ama yanadondoka ndani ya injini kupitia nozeli. Mkifungua plagi mara baada ya kugoma, moja ikawa imelowa na nyeusi wakati tatu ni kavu, nozeli ya silinda hiyo ndiyo inayodondosha. Plagi zote zikiwa kavu, fikirieni vali ya pampu.

Kwa injini za zamani zaidi, mfano 4E-FE, 5A-FE na 3S-FE, zenye bomba la kurudisha mafuta tankini, kuna kidhibiti presha kwenye bomba la nozeli chenye kimpira chembamba cha upepo juu yake. Chomoa kimpira hicho na ukinuse. Kikiwa na petroli, ngozi ya ndani ya kidhibiti imepasuka na inaimwagia injini mafuta. Ni kipimo cha nusu dakika, nami ningeanza nacho kwenye magari hayo yote.

Kabureta ina hadithi yake fupi. Ukizima, petroli iliyomo kwenye bakuli lake inachemka, inamwagikia kwenye injini, na bakuli linabaki nusu. Washa ukiwa umekanyaga eksileta mpaka chini bila kuipampu. Kila ukiipampu unazidisha mafuta. Kama tabia hii imeanza karibuni, tazama ile gasketi nene iliyo kati ya kabureta na injini. Kazi yake ni kuzuia joto, na mara nyingi wakati wa matengenezo hutolewa na kuwekwa karatasi nyembamba iliyokatwa kwa mkasi. Tazama pia kama bomba la petroli limehamishwa likalala karibu na ekzosi.

Sensa ya joto, na thamostati iliyong'olewa

Kompyuta hutegemea sensa ya joto la maji ili ijue iipe injini petroli kiasi gani wakati wa kuwasha. Injini baridi inataka nyingi, ya moto inataka kidogo. Sensa ikidanganya kwamba injini ni baridi wakati ni ya moto, kila ukiwasha unailowesha. Kwenye Toyota nyingi sensa hii husoma kilo-omu 2 hadi 3 kwenye nyuzi 20, na hushuka hadi omu 200 hadi 400 hivi kwenye nyuzi 80. Unaweza kuipima kwa mita na sufuria ya maji ya moto. Njia ya barabarani ni ya haraka zaidi: gari likigoma, chomoa soketi ya sensa hiyo kisha washa. Kompyuta za magari mengi zikikosa taarifa huchukulia kwamba injini ina nyuzi 80, kwa hiyo likiwaka vizuri bila sensa, sensa ina la kujibu. Taa ya injini itawaka kwenye dashibodi. Usiogope, na urudishe soketi ukishamaliza. Wala usiiachie huru sensa hiyo kwa sababu tu geji ya dashibodi inaonyesha sawa, maana magari mengi ya zamani yana sensa mbili, moja ya geji na nyingine ya kompyuta.

Na thamostati. Mtindo wa kung'oa thamostati "ili gari lisichemshe" umeenea mno, na unanisikitisha kila ninapouona. Bila thamostati injini inayokimbia barabara kuu haifikii joto lake, kompyuta inaendelea kuipa petroli ya kupashia moto, plagi zinajaa masizi, na plagi yenye masizi ndiyo ya kwanza kushindwa injini inapolowa kidogo. Ukisoma joto la maji kwenye mashine likawa nyuzi 60 baada ya nusu saa ya mwendo, rudisha thamostati kabla ya kutafuta kingine. Gari lililokuwa linachemsha lilikuwa na sababu yake, rejeta iliyoziba au feni isiyozunguka, na sababu hiyo bado ipo.

Kuchemsha huko ndiko kunakozaa lile jambo zito nililoliahirisha. Gasketi ya silinda hedi ikianza kuvuja, maji yaliyobanwa na presha ya joto hupenya kidogo kidogo kuingia kwenye silinda gari likiwa limeegeshwa. Ukirudi baada ya nusu saa, stata inazunguka kwa kukwama kwama, injini inashika kwa misi na kutetemeka, moshi mweupe unatoka, kisha baada ya dakika inatulia. Usiendelee kulazimisha stata ikikwama ghafla, maana maji hayabanwi na silinda ikijaa inaweza kupinda koneti rodi. Fungua plagi, ona kama kuna iliyooshwa ikawa safi kuliko wenzake, na upime presha ya mfumo wa maji usiku kucha.

Injini ikizunguka kwa wepesi usio wa kawaida, kama haina kinachoizuia, ipimwe kompresheni ikiwa ya moto. Vali zilizobanwa mno wakati wa matengenezo hufunga vizuri zikiwa baridi na kubaki wazi kidogo zikitanuka. Waliofunga mfumo wa gesi, na Dar es Salaam sasa ni wengi, walifikirie hili mapema kwa sababu viti vya vali za ekzosi huliwa upesi zaidi kwenye baadhi ya injini zikitumia gesi. Lakini waanze kwa kuwasha kwa petroli, waone kama tatizo linafuata.

Dizeli

Dizeli ikipata joto huwa nyepesi, na pampu iliyolika ndani huanza kuvujisha yenyewe. Kwa mwendo wa polepole wa stata, pampu haifikishi presha, injini haiwaki. Pampu za zamani za CAV, zile za trekta za Massey Ferguson, zinajulikana kwa hilo. Kipimo ni kitambaa kilicholoweshwa kikafungwa kwenye pampu kwa dakika kadhaa. Ikiwaka, pampu imechoka. Usiimwagie ndoo ya maji baridi, maana chuma cha ndani kinaweza kujibana ghafla. Injini za kisasa za presha kubwa, kama 1KD na 2KD za Hilux na Hiace, huhitaji presha ya karibu baa 200 au zaidi kabla kompyuta haijaruhusu nozeli zifunguke. Tazameni namba hiyo kwenye mashine wakati wa kupiga stata. Isipofika, pimeni mafuta yanayorudi kutoka kila nozeli kwa chupa nne ndogo zinazolingana. Nozeli inayojaza chupa yake upesi ndiyo inayopoteza presha. Kabla ya kushusha nozeli, kagueni pia vali ya kudhibiti mafuta iliyo kwenye pampu, maana hukwama ikiwa ya moto na bei yake ni nafuu kuliko pampu.

Usipulizie dizeli yenye plagi za kupashia moto ile dawa ya etha ya kuwashia. Hulipuka kabla ya wakati na kuvunja pistoni. Kwa petroli, fanya kila kipimo cha cheche ukiwa umechomoa soketi za nozeli na hakuna mafuta yaliyomwagika, na mtungi wa kuzimia moto uwe karibu na mkono. Stata isipigwe zaidi ya sekunde kumi mfululizo. Ipumzike dakika, la sivyo utaichoma mwenyewe na kupata magonjwa mawili.

Ukienda kwa fundi, nenda na karatasi yako, na mkubaliane kwamba atalizungusha gari mpaka lipate moto, alizime kwa muda ule ule ulioandika, na asifungue spea mpaka aone linagoma kwa macho yake. Fundi mzuri hatakasirika. Kama ni Gerezani ya Dar es Salaam au Kirinyaga Road ya Nairobi unakotuma mtu kununua spea, apewe ile ya zamani mkononi pamoja na namba ya injini, kwa sababu sensa mbili zinazofanana umbo zinaweza kutofautiana ndani. Na ikishafungwa, usilipe salio asubuhi ile gari lilipowaka likiwa limepoa. Lizungusheni mchana, lizimwe dakika ishirini juani, liwashwe. Rudieni tena baada ya dakika arobaini. Likishika mara zote mbili, mlipe.